Samaki Aliyebaki Mezani

Orly, mwongozaji wa filamu yetu, aliponiambia kwamba amemwita Vital arudi kutoka Tchomia aje kunisaidia kuandika, sikukasirika. Nilikuwa nimechoka mno, hata hasira nilikuwa sina. Nilimwambia tu, "Sawa, akuje," nikakata simu, nikaendelea kulitazama onyesho la kumi na nne kwenye kompyuta yangu bila kulisoma.

Onyesho hilo ndilo lililokuwa limetukwamisha wote. Filamu ilikuwa imefika katikati, waigizaji walikuwa wamekwisha kushonewa nguo, nyumba ya kupigia picha ilikuwa imepatikana hapa hapa Shari, na mimi, mwandishi, nilikuwa nimeshindwa na kurasa chache. Ni onyesho la présentation, siku ya kuposa. Ukoo wa mwanamume umekuja na vitu vyake, wamekaa sebuleni, na msichana wetu, Aimée, anaitwa kutoka jikoni aulizwe kama tunavyouliza kwetu: hawa watu unawajua? Vitu vyao tupokee? Anaulizwa mara tatu. Akikubali, vitu vinaingia ndani. Akikataa, vinarudi vilikotoka. Katika filamu yetu Aimée anampenda mwingine, kwa hiyo anatakiwa akatae. Nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Kila mara Aimée alisimama katikati ya sebule akahutubia, na kila mara Tina, anayemwigiza, alianza kupiga miayo kabla hotuba haijafika nusu.

Na kulikuwa na jambo jingine. Jumamosi ya wiki ile ile, katika sebule yetu wenyewe, ukoo wa Fulgence ulikuwa unakuja ili niulizwe mimi.

Fulgence si mtu mbaya. Nalisema mapema msije mkamchukia bure. Anauza vitenge sokoni, alifiwa na mkewe, anaongea polepole, na baba yangu anawajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja. Kosa lake ni moja tu, kwamba si Vital. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitasema ndiyo. Mtu hufika mahali akaona kusema ndiyo ni kazi ndogo kuliko kuanza kueleza.

Vital alifika alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha na njia yote ya kwetu imejaa tope. Alivua viatu mlangoni, akavipanga vizuri pembeni kama mtu asiyejua ataruhusiwa kukaa kwa muda gani. Alikuwa amekonda. Koti lake lilinuka moshi, na mkononi alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mama alikuwa amekaa barazani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Bonjour, mama."

"Bonjour, papa. Uko?"

"Niko, mama. Nimeleta samaki kidogo ya Tchomia."

Mama alikiangalia kile kifurushi. Kisha akaniangalia mimi, nikaangalia pembeni.

"Weka kwa meza," akasema, akarudi kwenye maharage yake. "Na mulango ubaki wazi."

Kusema weka kwa meza si kusema tumepokea. Vital alielewa, na mimi nilielewa, maana haikuwa mara yake ya kwanza kuleta kitu katika nyumba hii.

Miaka miwili iliyopita alikuja na mbuzi, na mablanketi, na suti ya kuazima iliyombana mabegani. Alikuja peke yake. Sasa kwetu, mwanamume anapokuja kuposa, yeye hasemi. Wanaosema ni wakubwa wake. Kazi yake ni kuangalia sakafu na kutoa jasho. Vital hakuwa na wakubwa. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu, akafia machimboni upande wa Mongbwalu kabla hajamwambia mwanawe kwao hasa ni wapi, na mama yake alikuwa ameolewa mbali na hakuweza kuja. Basi Vital akasimama, akajisemea mwenyewe. Na alisema vizuri. Mimi nilikuwa jikoni, nimesimama nyuma ya mlango, nalia kwa furaha. Kumbe sebuleni hakuna aliyefurahi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye hana hata mtu mmoja wa kumsemea. Mimi sikuitwa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Vital aliondoka akimvuta mbuzi wake kwa kamba katikati ya Shari, watoto wa mtaa wakimfuata na kumcheka, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amepata kazi kwenye redio ndogo ya Tchomia, anawaandikia wavuvi michezo mifupi. Hatukupigiana simu tena.

Sasa tulikuwa tumekaa meza moja, samaki katikati yetu.

"Umekonda," nikamwambia.

"Na weye umechoka. Nionyeshe hiyo scène."

Niliigeuza kompyuta kumwelekea. Alisoma kama alivyosoma zamani, kidole gumba chini ya kidevu, midomo ikitembea kidogo bila sauti. Zamani tulikuwa tunaandika pamoja, yeye na mimi, kila kitu, mpaka matangazo ya sabuni. Nilimtazama akisoma, nikajikemea, nikaendelea kumtazama.

"Aimée anasema sana," akasema hatimaye.

"Iko na mambo mingi ya kusema."

"Ndiyo. Lakini anataka nini? Siulize mu filamu muzima. Hapa, mu hii salon, hii saa."

"Anataka bamuache."

"Hiyo ni kitu hataki. Mi nauliza kitu anataka."

Nimeishi na Aimée karibu mwaka mzima, najua rafiki zake, najua anaota nini, lakini swali hilo dogo sikuwa na jibu lake.

"Sawa," akasema Vital, sauti ikiwa ya upole. "Nani anamuzuia?"

"Baba yake."

"Baba yake anafanya nini? Mi naona anakaa tu kwa kiti."

"Baba za kwetu banakaa kwa kiti, Vital. Ndio vile banazuiaka."

Alitaka kucheka, akajizuia. Kisha akavuta kiti karibu, akaanza kuonyesha kwa kidole. "Toa hii. Salamu, maombi, batu banatafuta viti, toa yote. Scène yako inachoka mbele ya kuanza. Anzia pale bamekwisha kumuita. Mulango inafunguka, Aimée huyu."

Nikafuta. Karibu ukurasa mzima uliondoka, na ajabu ni kwamba sikuuhurumia. Nilisikia kifua kimelegea kidogo, kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Mikono yake iko wapi?" akauliza.

"Mikono ya nani?"

"Ya Aimée. Umemutoa jikoni. Alikuwa anafanya nini? Mutu hatokake jikoni na mikono mitupu. Ukimupatia kitu ya kushika, ataanza kuishi mwenyewe."

Sikufikiri hata kidogo. "Iko na mwiko," nikasema. "Alikuwa anasonga bugali. Bugali iko inaungua na haoni, juu ya kusikiliza."

Vital akainua macho kutoka kwenye kompyuta. "Unajua hiyo namna gani?"

"Najua."

Mahali fulani kwenye bati matone ya mwisho ya mvua yalikuwa bado yanadondoka. Barazani maharage yalikuwa yanakwaruza ungo.

"Ile siku," akasema polepole, "ulikuwa unasikia?"

"Yote."

"Na haukutoka."

"Habakuniita."

"Haukutoka, Imma. Mi nilikuwa naangalia ule mulango ya jikoni. Nilisema maneno mingi vile sababu nilikuwa nakungoja."

"Weye ulisema mpaka ukamaliza maneno yote ya hii nyumba. Mi ningesema nini?"

"Hata usingesema. Ungesimama tu pale na mwiko yako."

Ugomvi huo nilikuwa nimeubeba miaka miwili. Nilikuwa nimeupanga vizuri, na majibu yake yote, ya kumkata na ya kumliza. Ulipotoka nje ulikwisha kwa maneno machache hayo, na nikaona jinsi ulivyokuwa mdogo, nikaona aibu kwa kuupa chakula muda wote ule.

"Tubadilishe," akasema Vital akisimama. Alikuwa anakimbilia kazi, namjua. "Vile tulifanyaka zamani. Mi niko mujomba mwenye kuuliza. Weye uko Aimée. Lakini nakukataza kitu moja. Ile neno Aimée anataka sana kusema, usiiseme."

"Sasa nitasema nini?"

"Sijue. Ndio tunatafuta."

Huo ndio ulikuwa mchezo wetu kila mtu wa kwenye mswada alipokataa kutembea: tunamfunga mdomo, tunamsimamisha, tunangoja tuone atafanya nini. Nilienda jikoni, nikachukua mwiko kweli, nikasimama mlangoni. Vital alikwenda kusimama kando ya kiti cha baba. Hakuthubutu kukikalia. Ukutani mbele yake kulikuwa na viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, vimepangwa safu kwa ajili ya Jumamosi. Alivinyoshea mkono. Hakujua ni vya nani, au hivyo nilidhani.

"Mutoto yetu," akasema kwa sauti nzito ya kizee, "hawa batu unabajua?"

Nikavitazama vile viti. Kwenye cha kwanza nilimwona baba yake Fulgence, kofia iko magotini. Nilimwona Fulgence mwenyewe, ameinamisha kichwa, jasho linamtoka kama inavyotakiwa. Watu wa heshima, waliooga, waliotoka mbali kwa ajili yangu. Aimée alitakiwa akatae. Mimi nilikuwa na ndiyo yangu tayari, nimeiandaa, kwa hiyo nikajaribu kuitoa, nione tu itasikika vipi humu ndani. Haikutoka.

"Vitu yao, tupokee?"

Niliuminya ule mwiko. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilisimama tu, na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo Vital alivyosahau kwamba yeye ni mjomba. Uzee ulimtoka usoni. Akabaki Vital, ananitazama kama siku zile tulipokuwa tukimaliza onyesho zuri na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

"Ndio hiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Imma, ndio hiyo. Hakatae, hakubali. Anabaki na mwiko yake, na batu yote mu salon banaanza kuogopa. Scène imefufuka."

Alikuwa anaongea mambo ya kazi, na macho yake hayakuwa kazini.

Nikakaa kwenye kimoja cha vile viti, nikalia. Si kilio cha sinema. Nililia kama mtu anavyokohoa, bila kutaka, mwiko bado uko mkononi.

"Nimechoka, Vital."

"Najua."

"Haujue. Hii viti ni ya samedi. Banakuja kuniuliza, mi mwenyewe. Na nilishaka kata shauri ya kusema ndiyo."

Hakushtuka. Aliangalia vidole vyake. "Orly aliniambia."

"Na ukakuja?"

"Nilikuja juu ya scène." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nadanganya. Nilikuja kukuona mbele ya samedi. Nilisema nitakaa, nitafanya kazi, nitarudi ku Tchomia, na nitakuwa nimekuona. Nakupenda, Imma, hiyo haikuisha. Lakini sina mutu ya kunisemea. Ile siku sikukuwa naye, na leo sina."

"Umuulize tena."

Wote tuligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo wa maharage ubavuni. Mlango ulikuwa wazi kwa amri yake mwenyewe, na sikujua tangu lini maharage yale yalikuwa yameacha kukwaruza.

"Mama?" nikasema.

"Amekuuliza mara mbili tu. Kwetu banauliza mara tatu. Munaandika mambo ya kwetu, na hiyo hamujue?"

"Mama, ni filamu tu," Vital akasema. Alikuwa ameondoka haraka kando ya kiti cha baba, kana kwamba amekutwa akikigusa.

"Niliona." Mama aliuweka ungo chini. Alitembea polepole kwa ajili ya magoti yake, akapita kati yetu, akakaa kwenye kiti cha baba. Sijawahi kumwona amekikalia kiti kile, hata siku ambazo baba amelala huko kwenye ng'ombe, kama siku hiyo. Alijiweka sawa, akavitazama viti vya kanisani, akavipita. Macho yake yakatua mezani, kwenye karatasi ya saruji iliyokuwa imeanza kulowa mafuta.

"Ya tatu nitauliza mi," akasema. "Imma."

"Mama."

"Mwenye alileta hii samaki, unamujua?"

Nilikuwa na maneno. Watu wangu, nilikuwa na ukurasa mzima, nilikuwa na miaka miwili. Nilitaka kusema kwamba namjua tangu hana kitu zaidi ya kalamu, kwamba sijacheka vizuri tangu aondoke, kwamba siku ile nilipaswa kutoka jikoni bila kuitwa. Yote yalinijaa mdomoni, nikayaacha hapo hapo. Niliinuka, nikasimama na mwiko wangu.

"Namujua, mama."

"Tupokee?"

"Mupokee." Nikauelekeza mwiko mezani. "Mukule."

Nilimtazama Vital. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia sakafu, na jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakutabasamu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanamuuma.

"Nimechoka kukuona umechoka," akaniambia. "Tokea ile siku ya mbuzi, mu hii nyumba hakuna mutu anacheka. Mi nilikuwa nakaa pale, mwanamuke kwa mukeka, nasikia huyu mutoto anasema maneno muzuri vile, na sikufungua kinywa. Leo nimefungua."

"Na baba?"

"Baba yako mi nitaongea naye. Alisema nini? Alisema hana mutu ya kumusemea. Hakusema mutu mubaya." Alimgeukia Vital. "Kaka yangu Floribert iko na mudomo kubwa na hana kazi. Atakaa upande yako, akusemee. Si vile banafanyaka, najua. Batasema kidogo, halafu batazoea."

Vital alijipangusa jasho kwa mkono wa koti. "Asante, mama," akasema, na hakuweza zaidi.

"Na Fulgence?" nikauliza. Ilibidi mtu amuulize.

Mama alivitazama vile viti vya kanisani. "Banakuja samedi. Bameshaka jiandaa, hatuwezi kubafungia mulango. Batakula vizuri, na mi mwenyewe nitapika. Na bakikuuliza, ufanye vile umefanya sasa kwa ile viti."

"Ninyamaze?"

"Mara tatu. Batasikia. Ni batu ya akili."

Nilifikiri juu ya Fulgence na kitenge alichokwisha kunichagulia, nikasikia vibaya, na bado nasikia vibaya ninapoyakumbuka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha nyingi na uchovu mwingi katika kifua kimoja.

Mama aliinuka, akakichukua kifurushi kutoka mezani. Alifungua karatasi upande mmoja, akanusa, akaangalia kama samaki amekaushwa vizuri, maana mama yangu ni mama yangu.

"Iko muzuri," akasema. "Vital, usiende. Haujakula mu hii nyumba hata siku moja."

Akaingia jikoni na samaki. Tukamsikia anapuliza makaa.

Vital alinisogelea, si sana, mlango ulikuwa bado wazi. Alivuta pumzi. Naijua sura ile. Alikuwa na hotuba, na ilikuwa nzuri, na ilikuwa ndefu.

"Nyamaza," nikamwambia.

Akanyamaza. Tulisimama hivyo tukitazamana, viti vya kanisani vikiwa vimepangwa nyuma yetu, kompyuta ikiwa imejizima mezani na onyesho langu ndani yake, mpaka sauti ya mama ilipotoka jikoni.

"Imma, maji inachemka. Lete mwiko."

Nikampelekea.